Bandari ya Kigoma na Mkataba wa Milele

Hitilafu baina ya dola na dola aghalabu hutajwa kwa majina ya miji mikuu, kana kwamba mizozo yote huzaliwa penye ikulu na mabunge. Katika nchi zilizozunguka Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa kinyume. Hoja iliyowashughulisha wanasheria wa London, Brussels na Dar es Salaam kwa muda mrefu ilihusu kipande cha ardhi kando ya maji mjini Kigoma, pamoja na mwenzake katika bandari ya Dar es Salaam. Katika maandishi ya Kiingereza na Kifaransa mahali hapo paliitwa Belbase, yaani kituo cha Wabelgiji. Eneo lenyewe lilikuwa la gati, maghala na njia za reli tu. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na swali ambalo kila nchi iliyotawaliwa imelazimika kulijibu: je, mkataba uliotiwa sahihi na mtawala wa muda humfunga mwenye nchi daima?

Ili swali hilo lieleweke hapana budi kurudi nyuma. Kabla ya reli, mlango wa ziwa ulikuwa Ujiji. Hapo ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo na Tabora ilipokomea, na hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwezi wa Novemba 1871. Lakini ufuko wa Ujiji ni wa maji haba na hauna kinga dhidi ya upepo. Mitumbwi na majahazi ya pembe na mawese yaliutumia bila taabu, ila meli kubwa hazikuweza. Wajerumani walipoijenga reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, hawakuifikisha Ujiji. Waliielekeza kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina na utulivu, mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa miguu kutoka mji wa kale. Reli ilifika mwezi wa Februari 1914, na tangu siku hiyo heshima ya Ujiji ikahamia kwa jirani yake. Hiyo ni habari ya kusikitisha yenye hadithi yake mbali.

Miezi sita haikupita vita vikaanza. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, ambayo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika, yaliteka Kigoma na Ujiji mwishoni mwa Julai, kisha Tabora mwezi wa Septemba. Wabelgiji walishika Kigoma na Ujiji hadi mwaka 1921. Huko Ulaya nako, mwezi wa Mei 1919, mataifa makubwa yaliamua kwamba Afrika ya Mashariki ya Wajerumani ipewe Uingereza. Ubelgiji ulilalamika, ukisema damu ya askari wake haikumwagika bure. Ndipo Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walipopatana, tarehe 30 Mei 1919, kwamba Ubelgiji upewe Ruanda na Urundi na uiache Kigoma. Mkataba wa nyongeza ulitiwa sahihi London tarehe 15 Machi 1921. Kwa huo Wabelgiji walipewa viwanja Kigoma na Dar es Salaam, wavipange kwa milele kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na bidhaa zao ziende na kurudi kati ya bahari na Kongo, Ruanda na Urundi bila kutozwa ushuru wa forodha.

Faranga moja haikuwa bei, bali alama tu ya kwamba kuna mwenye mali. Bei yenyewe, kwa fikira za Wabelgiji, ilikwisha lipwa walipoondoka Kigoma na Ujiji. Jambo hili linafaa kushikwa vema, kwa kuwa baadaye lilikuwa nguzo ya hoja yao: hawakuwa wapangaji wa kawaida waliopata upendeleo, bali walikuwa wameuza haki moja wakanunua nyingine.

Kwa miaka arobaini mpango huo ulitumika bila kelele nyingi. Mwaka 1951 ulirekebishwa ili kiwanja cha Dar es Salaam kihamishiwe penye maji marefu. Kahawa ya Ruanda na Urundi na sehemu ya shaba ya Katanga zilipita Kigoma zikielekea baharini. Saruji, vitambaa na mafuta zikarudi. Makuli wa Kigoma walipakua mizigo ya pande zote mbili, na Kiswahili kilichosikika gatini hakikuwa kigeni Usumbura wala Albertville.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alisimama mbele ya wabunge akaeleza msimamo wa Tanganyika juu ya mikataba iliyorithiwa. Mikataba baina ya nchi mbili mbili, alisema, Tanganyika itaendelea kuitekeleza kwa miaka miwili tangu uhuru, ikiwa upande wa pili nao utaitekeleza. Katika muda huo kila mmoja utachunguzwa, na ambao hautakuwa umefanywa upya utakoma, isipokuwa ule ambao sheria za mataifa zenyewe huuhifadhi. Lakini mikataba ya vituo vya Wabelgiji haikupewa hata muhula huo. Sababu yake ilielezwa kwa uwazi: Uingereza ulishika Tanganyika kwa muda wenye kikomo, basi haukuwa na uwezo wa kutoa ardhi ya Tanganyika kwa muda usio na kikomo.

Hapa ndipo wataalamu wa lugha wanapopata la kutazama, kwa kuwa hoja nzima inategemea maneno. Utawala wa Uingereza baada ya mwaka 1922 ulikuwa wa amana chini ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya mwaka 1946 ukawa wa udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Neno *udhamini* lilikwisha zoeleka, ila halikuwa teule sana. Mdhamini katika mazungumzo ya kila siku ni mtu anayesimama badala ya mdaiwa. Akishindwa mdaiwa, hulipa yeye. Haikuwa hiyo kazi ya Uingereza. Neno lililokaribia zaidi maana iliyokusudiwa ni *wasii*, yaani mtu aliyewekwa kutunza mali ya yatima mpaka atakapobaleghe. Na wasomaji wa Ujiji, mji wa madrasa na vyuo, hawakuhitaji kufundishwa sheria yake na mwanasheria wa Ulaya. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, wasii anaweza kuipangisha nyumba ya yatima ikiwa ni kwa manufaa yake. Lakini pango likipita siku ya kubaleghe kwake, ule muda uliozidi haumfungi. Mpangaji hawezi kusema kwamba alilipa kodi kwa haki. Alilipa kwa mtu ambaye mamlaka yake yalikuwa na mwisho, naye alijua au ilimpasa kujua.

Kwa mfano huu msimamo wa Nyerere hauonekani kuwa wa kimapinduzi hata kidogo. Ni kanuni ya kale ya mali, iliyotumiwa kwa dola. Pengine ndiyo sababu ilienea upesi na kuitwa kwa jina lake katika vitabu vya sheria za mataifa.

Ubelgiji ulijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza imekwisha tajwa, kwamba vituo vilikuwa fidia ya nchi iliyoachwa. Hoja hii ina uzito wa historia, bali ina upungufu wa sheria: nchi iliyoachwa nayo haikuwa ya Ubelgiji, ilikuwa ya wenyeji wake, na kuiteka kwa silaha mwaka 1916 hakukubadili jambo hilo. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Ubelgiji ulisema kwamba haki za vituo hazikuwa zake tena, bali zinawaangukia warithi wake: Kongo, iliyopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Ruanda-Urundi, ambayo wakati ule ilikuwa bado chini ya udhamini na ikawa Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Mzozo ukabadilika sura. Haukuwa tena wa nchi changa dhidi ya mkoloni; ulikuwa wa nchi changa na jirani zake, nao wakiwa wachanga vilevile, wasio na njia fupi ya kufikia bahari ila hiyo.

Tanganyika haikukataa njia. Ilikataa msingi wa njia. Nyerere alisema wazi kwamba serikali yake iko tayari kuzungumza na jirani juu ya matumizi ya bandari kwa masharti mapya. Tofauti hiyo ni nyembamba lakini ni ya maana sana: kinachotolewa na mwenye nchi kwa hiari kinaweza kurekebishwa, kinachodaiwa kwa hati ya mkoloni hakirekebishiki. Kwa mtu wa Bujumbura hata hivyo tofauti hiyo ilikuwa na upande wa pili. Haki iliyoandikwa, hata ikiwa na asili mbaya, haitegemei hali ya moyo wa jirani. Hisani hutegemea. Katika utendaji kazi ya bandari haikukatika, na wakala wa Kibelgiji waliendelea kuonekana gatini kwa miaka mingi.

Kuna ugumu mmoja ambao watetezi wa msimamo wa Tanganyika hawakuweza kuukwepa. Mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi nao uliwekwa na mikono ileile, Uingereza na Ubelgiji, katika miaka ileile iliyofuata mapatano ya Milner na Orts. Hata nchi ya Kisaka ilikabidhiwa Waingereza, kisha ikarudishwa Ruanda. Ikiwa wasii hawezi kutoa gati milele, anawezaje kuweka mpaka milele? Nyerere mwenyewe ndiye aliyeleta mbele ya mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo, Julai 1964, azimio la kuheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru. Wanasheria walijibu kwamba mpaka si mzigo uliobebeshwa ardhi, bali ndio unaoonyesha ardhi ni ipi. Jibu hilo linatosha mahakamani. Kwa mtu anayelisoma swali kwa akili ya kawaida, yaelekea sababu ya kweli ilikuwa busara: kuligusa gati kulimuudhi Mbelgiji, kuugusa mpaka kungaliwasha moto bara zima.

Yaliyofuata yalithibitisha kwamba Bujumbura haikuwa na hofu ya bure. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yalileta maelfu ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalivuka mpaka na kushambulia vijiji, raia wa Tanzania wakauawa. Wafanyakazi wa bandari ya Kigoma walikataa kugusa shehena ya Burundi, na mgomo huo uliumiza kuliko barua yoyote ya kibalozi. Kwa mazungumzo yaliyomhusisha Rais Mobutu wa Zaire, Rais Micombero alikubali kulipa fidia, na shehena zikaanza kupita tena. Hapo gati lilitumiwa na makuli. Baadaye likatumiwa na serikali zenyewe.

Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka Bujumbura kwa nguvu za jeshi. Siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, na Tanzania ikaifunga njia ya Kigoma. Serikali ya Buyoya ilidai kwamba nchi isiyo na bahari ina haki ya kupita, nayo haikukosa pa kushika: mkataba wa New York wa mwaka 1965 juu ya biashara ya nchi za bara, na ibara ya 125 ya mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982. Lakini ibara hiyohiyo husema kwamba namna ya kupita itapatanwa baina ya nchi zinazohusika, na humhifadhia mwenye njia mamlaka juu ya ardhi yake. Tanzania ilisema kwamba haiwezi kuisaidia serikali iliyopindua katiba huku wakimbizi wake wakijaa Kasulu na Kibondo. Burundi ilisema kwamba msuluhishi, ambaye alikuwa Nyerere yuleyule wa mwaka 1961, hakuwa wa katikati, kwa kuwa nchi yake ndiyo iliyoshika kufuli. Lawama hiyo haikuwa ya haki kwa mtu, ila kwa jiografia ilikuwa kweli.

Vikwazo vililegezwa Aprili 1997, vikasimamishwa Januari 1999. Mafuta na saruji yakapakiwa tena Kigoma kwa safari ya Bujumbura, kwa masharti ambayo wakati huu yalikuwa yamepatanwa na nchi mbili zenyewe. Na baada ya Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwezi wa Julai 2007, masharti hayo yalikuja kuwa sehemu ya sheria ya forodha inayowahusu wote.