Swichi ya RCD: Kinga ya Soketi Penye Unyevu

Swichi ya RCD hukata umeme pindi unapovujia ardhini. Hufungwa kwenye kisanduku cha breka au huundwa pamoja na soketi yenyewe, na mahali pake hasa ni pale maji na umeme vinapokaribiana: jikoni, bafuni, uani na zizini.

Kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya zina unyevu wa namna hiyo karibu mwaka mzima. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wa vilima vya Manga, Keroka na Nyansiongo haukai mkavu kwa muda mrefu. Mfugaji anayekata majani ya napia kwa mashine ya stima mara nyingi husimama juu ya sakafu iliyolowa. Akigusa bodi ya mashine ambayo waya wake umechubuka, umeme humpitia hadi ardhini.

Fyuzi haimwokoi. Umeme wa nyumbani nchini ni wa volti 240, na mwili uliolowa huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Mkondo utakaopita ni miliampea 240, unaotosha kuvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ya ampea 13 huuhesabu kuwa mzigo mdogo tu, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiungue.

RCD hupima kitu kingine. Waya wa moto na wa nyutro hupita pamoja ndani ya pete ya chuma. Umeme unaokwenda ukilingana na unaorudi, nguvu zake za sumaku hufutana. Sehemu ikivujia ardhini, ulinganifu huvunjika na swichi hufyatuka. Ile ya kulinda watu hufyatuka mvujo ukifika miliampea 30, ndani ya milisekunde 300; mvujo ukiwa mara tano ya huo, ndani ya milisekunde 40.

Hata hivyo, RCD haimkingi anayeshika waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja huku hagusi ardhi, wala haizuii soketi kuzidiwa mzigo. Breka na waya wa ardhi bado vinahitajika. Waya wa ardhi ukiwa mzima, kifaa kilichoharibika huifyatua swichi kabla mtu hajakigusa.

Kitufe cha majaribio kibonyezwe kila baada ya miezi michache. Swichi isipofyatuka, ibadilishwe. Ikifyatuka kila mvua inaponyesha, kwa kawaida maji yameingia kwenye soketi au taa ya nje. Ili kujua chanzo, vifaa vyote huchomolewa, swichi huwashwa, kisha kimoja kimoja huchomekwa hadi chenye kasoro kijulikane. Ikifyatuka hata vyote vikiwa vimechomolewa, kasoro iko kwenye nyaya, soketi au taa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Kuiruka swichi kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja hurudisha stima na kuiacha hatari ilipokuwa.