Bukavu: Biashara inapanuka, lakini ulinzi unabaki ule wa butiki moja

Wafanyabiashara wengi wa Kivu wanaanza na butiki moja, kufuli moja na zamu mmoja. Kisha biashara inakua. Wanaongeza kamera hapa, king'ora pale, mlango wa chuma kule. Vifaa vinakuwa vingi, lakini kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Siku mali inapopotea, ndipo mwenye biashara anaona pengo lilikuwa wapi.

Tuchukue mfano wa mama mwenye butiki ya vitenge huko Kadutu. Mambo yanamwendea vizuri, anafungua butiki ya pili upande wa Nyawera, katika komine ya Ibanda, kisha anapangisha depo. Kwenye depo anaweka kamera nne na zamu wa usiku. Mwisho wa mwezi anahesabu mali: balo tatu za vitenge hazipo.

Anakimbilia kamera. Mashine ya kurekodi ina picha za siku kumi na moja tu, za zamani zimefutwa. Anauliza juu ya funguo: watu watatu wanazo, na hakuna daftari linaloonyesha nani alifungua siku gani. Anauliza zamu, zamu anasema hakuona kitu. Mama hana ushahidi wa kumshitaki mtu, na zamu naye hana ushahidi wa kujitetea. Mara nyingi hadithi kama hii inaisha vile vile: zamu anafukuzwa kazi, pengine bila kosa, na mwizi anabaki ndani ya biashara.

Hesabu ndogo inayosahaulika

Mafundi wanapouza kamera wanazungumza juu ya uzuri wa picha. Ni wachache wanaouliza: unahesabu mali yako kila baada ya siku ngapi?

Kamera moja ya kawaida inaweza kutuma megabiti 2 kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ni gigabaiti 21,6. Kamera nne zinafikia gigabaiti 86. Diski ya gigabaiti 1.000 inajaa kwa siku kumi na moja au kumi na mbili, kisha mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani.

Basi anayehesabu mali mara moja kwa mwezi anahitaji diski kubwa zaidi, ama apunguze siku kati ya hesabu na hesabu. Njia ya pili haigharimu kitu: kuhesabu kila siku ya posho. Balo ikikosekana, picha za juma lote bado zipo. Hapo kamera na daftari la depo vinaanza kusaidiana.

Saa nayo inataka kuangaliwa. Kama kamera inaandika saa nane na daftari linaandika saa tisa, ushahidi unageuka mabishano. Saa za mashine zote zirekebishwe pamoja, na ziangaliwe tena kila umeme unaporudi baada ya kukatika kwa muda mrefu.

Umeme unapokatika

Bukavu inapata umeme kutoka mabwawa ya mto Ruzizi, lakini kila mkaaji wa mji anajua giza la delestaji. Mwizi pia analijua. Mfumo unaozimika pamoja na taa za mtaa unaacha usiku mzima wazi.

Kamera nne ndogo na mashine ya kurekodi zinaweza kutumia jumla ya wati 40 hivi. Kwa saa 12 za usiku hiyo ni wati-saa 480. Batri ya volti 12 na ampe-saa 100 inabeba wati-saa 1.200. Kama ni batri ya kawaida ya asidi, si vizuri kumaliza zaidi ya nusu yake, maana inakufa haraka. Nusu hiyo ni 600: inatosha usiku mmoja. Kwa usiku wa pili itabidi paneli ya jua iijaze mchana. Mtu asipofanya hesabu hii kabla ya kununua, ataifanya baada ya kuibiwa.

King'ora kinachopiga simu au kutuma ujumbe kwa mwenye duka ni kizuri, lakini mtandao wa simu nao unaweza kukatika. Kwa hiyo kiweze pia kulia kwa sauti pale pale, ili majirani wasikie. Na mashine ya kurekodi isiwekwe juu ya meza ya kaunta: mwizi akiibeba, ameondoka na ushahidi wote.

Watu kwanza

Hakuna kifaa kinachoziba nafasi ya mtu aliyeandaliwa. Zamu anahitaji taa, simu yenye uniti, namba tatu za kupiga, na maagizo yaliyo wazi: king'ora kikilia, anamwita nani kwanza? Mazamu wa makampuni ya ulinzi hapa Kongo hawabebi bunduki. Kazi ya zamu ni kuona mapema na kuita msaada. Kumdai apigane na watu wenye silaha ni kuuza maisha yake kwa bei ya balo.

Funguo zihesabiwe. Kila ufunguo uwe na jina la mtu, na kila kufungua depo kuandikwe: siku, saa, jina, sahihi. Mfanyakazi akiacha kazi, kufuli libadilishwe siku ile ile, hata kama mmeachana kwa amani. Anayetoa mali depo asiwe yule yule anayeandika hesabu. Mambo haya yanamlinda pia mfanyakazi mwaminifu, kwa sababu siku ya kosa daftari litamsemea.

Kuna sheria vilevile. Tangu mwezi wa tatu 2023, Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali inayolinda habari binafsi za watu. Andika mlangoni kwamba kuna kamera, usiielekeze kwenye nyumba ya jirani wala pahali wafanyakazi wanapobadilisha nguo, na picha zisisambazwe ovyo kwenye WhatsApp.

Moto ni adui mwingine

Wakaaji wa Bukavu wanajua jinsi moto unavyoruka nyumba hadi nyumba pale zilipobanana. Mlango wa chuma unaofungwa kwa nje, huku mtu akilala ndani, ni mtego. Pahali popote mtu anapolala usiku lazima pawe na njia ya kutokea ambayo anaweza kuifungua mwenyewe, bila kungoja ufunguo wa patron. Kizima moto kikae karibu na mlango, pasiwe na mali mbele yake.

Kile ambacho kamera haiwezi

Tuseme ukweli. Katikati ya mwezi wa pili 2025, wakati M23 ilipoingia Bukavu, madepo yaliporwa, pamoja na yale ya Shirika la Chakula Duniani, WFP, lililopoteza karibu tani 7.000 za chakula. Huko Goma, benki zilifunga milango tangu mwezi wa kwanza, na feza nyingi zikabaki majumbani na madukani. Mbele ya kundi la watu mia, king'ora hakisaidii kitu.

Kwa hatari ya namna hiyo, kinachosaidia ni kugawanya: mali isikae yote katika depo moja, feza isilale nyingi katika duka moja, na nakala za faktura na za daftari ziwe kwa mtu unayemwamini katika mji mwingine. Mali inaweza kwenda, lakini anayejua alikuwa na nini na nani ana deni lake anaweza kuanza tena.

Mwenye pesa kidogo aanze hivi: daftari la funguo na hesabu ya kila juma, kisha mlango na kufuli nzuri, kisha taa yenye batri, kisha king'ora, na kamera mwishoni. Na kabla ya kufungua butiki ya pili, atembee usiku mmoja kuzunguka ya kwanza, umeme ukiwa umekatika, ajiulize yeye mwenyewe angeingilia wapi.