Mashine rahisi, vipuri mbali: hesabu ya karakana za Nachingwea na Ruangwa

Mwekezaji mdogo anayetaka kufungua karakana ya kuchomelea, kukereza vyuma au useremala katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwa kawaida huanza kwa kulinganisha bei za mashine Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam. Ulinganisho huo hautoshi. Huku kusini, siku ambazo mashine husimama ikisubiri kipuri zinaweza kula faida kuliko bei iliyoandikwa kwenye ankara.

Sababu ya kwanza ni msimu. Fedha nyingi huingia katika wilaya hizi wakati wa minada ya korosho, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha Runali, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Huo ndio wakati mkulima anapoagiza milango, madirisha na vitanda. Mashine ikiharibika Novemba, mteja hasubiri. Huenda Masasi au Lindi mjini, na fedha yake huondoka naye.

Sababu ya pili ni umbali. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kivuko, lakini njia ya Dar es Salaam bado hutegemea hali ya hewa. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga na mizigo ya kusini ikakwama.

Funzo la karanga

Nachingwea iliwahi kushuhudia hasara ya aina hii kwa kiwango kikubwa. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na baadaye kufika Urambo na Nachingwea, ulitegemea matrekta mengi ya mtumba yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Yalinunuliwa kabla ya mafundi na vipuri vya kutosha kuandaliwa, na mengi yakasimama mapema. Ukame na udongo mgumu navyo vilichangia, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa mashine mbili za kukereza, kila moja ikiingiza sh. 60,000 kwa siku baada ya gharama. Ya kwanza inauzwa sh. milioni 6, na muuzaji wake hana akiba ya vipuri. Ya pili inauzwa sh. milioni 8.5, na vipuri vyake vipo ghalani. Zote zinaharibika mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza inasubiri siku 21 za kazi kila mara, ya pili siku nne.

Mwaka wa kwanza, ile rahisi inapoteza sh. 2,520,000 na ile ghali sh. 480,000. Ukijumlisha na bei ya kununulia, ile rahisi bado ina nafuu: sh. 8,520,000 dhidi ya sh. 8,980,000. Mwaka wa pili mambo yanageuka: sh. 11,040,000 dhidi ya sh. 9,460,000. Anayepanga kuuza mashine mapema anaweza kuchukua ile rahisi. Anayepanga kuitumia kwa miaka hana sababu.

Maswali kabla ya kulipa

Vipuri si vya aina moja. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25 hata ikitoka kiwanda kingine, hivyo hupatikana kwa urahisi. Mikanda nayo huuzwa kwa vipimo vinavyojulikana. Tatizo ni gia za mashine ya kukereza na bodi za umeme za mashine ndogo za kisasa za kuchomelea, ambazo mara nyingi hufaa modeli moja tu. Mashine ya kuchomelea ya zamani yenye koili ni nzito na hula umeme zaidi, lakini fundi wa karibu anaweza kuisuka upya.

Mnunuzi asome kibao cha mashine. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60, kama ya mitumba kutoka Marekani na sehemu ya Japani, itazunguka polepole kwa karibu moja ya sita, na volti zisipolingana inaweza kuungua.

Kisha amuulize muuzaji: vipuri gani vipo ghalani leo? Nani atalipa nauli ya fundi kuja Nachingwea? Dhamana inahusu vipuri tu, au na kazi? Majibu yaandikwe kwenye ankara, na risiti ya EFD itunzwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo kuhusu upatikanaji wa vipuri na matengenezo, lakini ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Kwa mfanyabiashara wa duka, pengo hili ni nafasi. Akiba ya beringi, mikanda, kaboni za mashine za kusagia vyuma na swichi haihitaji mtaji mkubwa, na soko lake huchangamka mashine zinapofanya kazi kwa bidii. Akiba hiyo inunuliwe kabla ya Oktoba, barabara ikiwa nzuri na kabla mafundi hawajaanza kuitafuta.