Hati na Kibanja Kansanga
Mwendelezaji anayenunua kiwanja Kansanga, jijini Kampala, hana budi kujua kwamba hati peke yake haimpi uhuru wa kujenga, kwa kuwa chini ya mailo, yaani umiliki wa kudumu uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, ardhi moja huweza kuwa na mwenye hati na pia mwenye kibanja, mkaaji anayelindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998. Marekebisho ya 2010 yanaruhusu mkaaji huyo aondolewe kwa amri ya mahakama tu, tena kwa kutolipa busuulu, kodi ndogo ya mwaka. Ulinzi huo ni wa haki, hata ukimchelewesha mkandarasi. Mnunuzi na awaone wakaaji kwanza, ndipo asaini mkataba wa ujenzi.