Mlaghai akikutumia nywila yako, usilipe

HEBU fikiria umefungua baruapepe asubuhi na kukuta nywila yako imeandikwa katika mstari wa kwanza. Mtu usiyemjua anadai kuwa aliingiza programu ya siri katika tarakilishi yako, akakunasa kwa kamera ukitazama picha za ngono. Usipomlipa kwa sarafu ya Bitcoin katika muda wa saa 48, asema, atawatumia jamaa na wafanyakazi wenzako kanda hiyo.

Wengi hushikwa na hofu na kwa sababu ya aibu hawamwambii yeyote. Ukimya huo ndio mtaji wa mlaghai.

Barua za aina hii zilianza kuenea kote duniani katikati ya mwaka wa 2018. Kwa kawaida huwa hakuna kanda yoyote. Kitu cha kweli humo ni nywila tu, nayo haikuibwa kwako bali kwa kampuni uliyoikabidhi.

Mfano ni mtandao wa LinkedIn, uliovamiwa na wadukuzi mwaka wa 2012. Mnamo 2016 ilibainika kuwa anwani za baruapepe na nywila za wateja wake wapatao milioni 117 zilikuwa zikiuzwa. Nywila hizo zilikuwa zimefichwa kwa mbinu hafifu, hivyo nyingi zilifumbuliwa kwa urahisi.

Mlaghai anayepata orodha kama hiyo huandika barua moja tu. Programu hujaza anwani na nywila ya kila mtu, kisha barua hiyo hutumwa kwa maelfu. Aliyekuandikia hakujui.

Barua nyingine huonekana kana kwamba zimetoka katika anwani yako mwenyewe. Hilo pia lisikutishe, kwani anwani ya mtumaji yaweza kughushiwa, sawa na mtu anavyoweza kuandika jina la mwenzake nyuma ya bahasha.

Basi ufanye nini? Kwanza, usilipe wala usijibu. Anayelipa humwonyesha mlaghai kuwa anatishika, na huenda akadaiwa zaidi. Aidha, usifungue viambatisho vya barua hiyo.

Pili, jiulize iwapo nywila hiyo ungali unaitumia popote. Hapa ndipo penye hatari halisi, kwa kuwa aliye nayo anaweza kuijaribu katika baruapepe yako na hata katika akaunti ya benki. Ibadilishe mara moja kila mahali, na kila akaunti uipe nywila yake. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, chunguza data zako zilivujia wapi. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka wa 2013, hukuonyesha hayo bila malipo ukiandika anwani yako ya baruapepe.

Hata hivyo, mlaghai akikuonyesha picha yako halisi, hicho ni kisa tofauti. Hata hapo usilipe. Hifadhi ujumbe wote kama ushahidi na upige ripoti kwa polisi. Kenya ina sheria ya mwaka wa 2018 dhidi ya uhalifu wa mitandaoni.

Zaidi ya yote, mwambie mtu unayemwamini. Tishio la mlaghai huanza kupungua nguvu pale siri inapokoma kuwa yenu wawili.