Mkopo wa Masomo kule Marekani: Nani Ataweza Kuwa Mganga wa Nyama?

Katika kalasi za biolojia-kemia wengi wanasema wanataka kuwa waganga, wengine wa watu, wengine wa nyama. Leo tunapenda kueleza namna sheria moja ya feza inaweza kufungua ao kufunga njia ya kazi hiyo. Mfano tunautwaa Marekani, kwa sababu kule sheria imegeuka karibuni na hesabu yake iko wazi.

Kwanza tusichanganye mkopo na bursi. Bursi ni zawadi, mkopo ni deni. Kwetu mzazi njo banki: anauza mbuzi, anauza muhogo, anakopa kwa shemeji, mtoto anaingia universite. Kule Marekani serikali yenyewe inamkopesha mwanafunzi, naye atalipa pamoja na faida. Anayetaka kuwa mganga wa nyama anasoma kwanza miaka 3 ao 4 ya universite, kisha miaka 4 ingine ya kazi yenyewe. Na kwa hiyo miaka ya mwisho, faida inaanza kuongezeka tangu siku ya kupokea feza, hata kama mwenyewe angali kalasini.

Tangu mwaka 2006 kulikuwa mkopo ulioitwa Grad PLUS. Mwanafunzi wa masomo ya juu aliweza kukopa mpaka bei yote ambayo shule ilitaja: masomo, chumba, chakula, vitabu. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria ya kumaliza mkopo huo kwa wanaoanza tangu tarehe 1 Julai 2026. Kwa masomo ya kazi kama uganga, sheria na uganga wa nyama, mpaka ni dolari 50,000 kwa mwaka, jumla zisipite 200,000. Kwa masomo mengine ya juu ni 20,500 kwa mwaka, jumla zisipite 100,000.

Mtu wa hesabu atasema: 50,000 mara 4 ni 200,000, basi inatosha. Haitoshi kwa wote. Shule za uganga wa nyama ni chache, zinapita 30 kidogo tu katika nchi nzima, na majimbo mengi hayana hata moja. Mara nyingi anayetoka jimbo lingine analipa bei kubwa kuliko mwenyeji. Ukiongeza nyumba na chakula, kwa shule nyingi miaka 4 inapita dolari 200,000. Feza zinazopungua atazitafuta wapi? Kwa banki za biashara. Lakini banki inauliza: nani anakusimamia? Mtoto wa tajiri ana baba wa kutia sahihi. Mtoto wa maskini ana akili tu, na banki haipokei akili kuwa rehani.

Waliotunga sheria wana neno lao, na si la bure. Wanasema mkopo usio na mpaka unafanya shule zipandishe bei bila woga, na kijana anatoka na deni ambayo mshahara hauwezi kuibeba. Hapo wana haki kwa sehemu: mganga wa nyama analipwa kidogo kuliko mganga wa watu. Lakini je, shule zitashusha bei kweli? Sisi tuna shaka. Walimu, maabara na hospitali ya ngombe vinaomba feza zilezile.

Deni inachagua hata mahali pa kazi. Anayedaiwa sana anavutwa kwenda mjini kutunza mbwa na paka wa wenye feza, kuliko kwenda mashambani kwenye ngombe na nguruwe. Njo maana tangu 2003 Marekani wana sheria ya kumlipia mganga wa nyama sehemu ya deni yake, akikubali kutumika pahali penye upungufu. Na hiyo si shida ya wafugaji peke yao: mganga wa nyama njo anatambua kichaa cha mbwa na kifua kikuu cha ngombe mbele ya kufika kwa watu.

Jambo moja litawashangaza wasomaji wa shule yetu. Novemba 2025 kamiti iliyoitwa na Wizara ya Elimu ilipatana juu ya orodha ya masomo yenye mpaka wa 200,000. Ndani mna uganga, meno, dawa, sheria, nyama, na teolojia pia. Uuguzi haumo! Kwa mapatano hayo pasta anaweza kukopa mara mbili ya muuguzi anayeendelea na masomo ya juu. Wauguzi walipiga kelele sana. Wizara ikajibu kwamba orodha haipimi heshima ya kazi, ni mpaka wa feza tu. Sisi tunawaheshimu wachungaji wetu, lakini tungependa kumwona yule atakayelipa dolari 200,000 kwa sadaka ya Siku ya Mungu.

Waliokuwa wamekwisha kuanza na kukopa mbele ya tarehe 1 Julai 2026 wanaachiwa kanuni ya zamani mpaka wamalize, lakini isipite miaka 3. Kwa hiyo katika mwaka wa masomo 2026-2027, kwenye shule moja, mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukopa bei yote, na mdogo wake wa mwaka wa kwanza, mwenye kununua vitabu vilevile, anasimamishwa kwenye 50,000.