Marafiki: Watu wa Neno Moja

Mama aendaye soko la Nakasero, hapa Kampala, akiuliza bei ya fungu la nyanya hujua kwamba jibu la kwanza si bei yenyewe. Muuzaji hutaja kiasi chake, mnunuzi hushtuka, muuzaji huapa kwa jina la Mungu kwamba hapati faida, na hatimaye hupatana. Tumeyazoea hayo, wala hatuoni kosa. Lakini wapo Wakristo ambao tangu zamani waliyaona kuwa kosa. Hao ni Marafiki, wajulikanao kwa Kiingereza kama Quakers.

Chama chao kilianza Uingereza katika karne ya 17. George Fox alihubiri kwamba ndani ya kila mtu imo nuru itokayo kwa Mungu. Kutokana na imani hiyo yalizaliwa mengine. Ikiwa nuru imo ndani ya kila mtu, basi mwanamke aweza kuhubiri kama mwanamume, tajiri hastahili kuvuliwa kofia, na adui hastahili kuuawa. Kwa kazi zao za amani, mashirika yao mawili, moja la Uingereza na jingine la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Kuhusu ukweli walishikilia neno moja: aapaye mahakamani hukiri kwamba siku nyingine hasemi kweli. Basi walikataa kuapa, na wengi wakafungwa, hata Bunge lilipowaruhusu mwaka 1696 kutoa tamko badala ya kiapo. Madukani mwao walitaja bei moja, kwa mtoto na kwa mtu mzima.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Hole, Hotchkiss na Chilson, walifungua misheni huko Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Kutoka huko imani hiyo ilivuka mpaka hadi mashariki mwa Uganda, upande wa Mbale. Marafiki wengi wa kwetu huimba na kuhubiriwa. Wengine, hasa Uingereza, huketi kimya wakisubiri neno.

Kampala yaijua gharama ya ukweli. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji. Septemba mwaka huo huo madhehebu 27 yalipigwa marufuku, na waumini wengi wakasali majumbani kwa siri.

Sisi leo hatudaiwi gharama kubwa hivyo. Hata hivyo, mwenye deni abishapo hodi, ni baba wangapi humtuma mtoto mlangoni aseme, “Baba hayupo”? Mtoto hutii. Siku ya pili naye humwambia mama kwamba karo imelipwa, na mama hushangaa alikojifunzia uongo. Alijifunza nyumbani, mlangoni pale pale.

Msomaji, si lazima uwe Rafiki ili neno lako liwe moja. Anza na mlango wako.